Kwa vijana wa Mombasa mlio na barua mbili mkononi

Wanangu,

Assalamu alaikum, na kwa wale ambao salamu yao si hiyo, hamjambo. Kila ikifika Machi simu yangu haitulii. Mmoja amekubaliwa vyuo viwili Marekani, mwingine ana Uingereza na Ujerumani, mwingine ana barua moja tu na hajui aikubali au angoje. Wengi wenu niliwafundisha, na barua zenu za mapendekezo nilizitia sahihi mimi, kwa hivyo mwaona mna haki ya kunisumbua hata nikiwa nimestaafu. Sina neno. Ila nikimjibu mmoja mmoja nitasema yale yale hadi Mei, basi nimeonelea niyaandike mara moja, muwasomee na wazazi wenu.

Kwanza, fungeni midomo. Barua ikifika usikimbilie kuipiga picha na kuitia kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Mwaujua mji wetu. Habari ikitoka Kuze asubuhi, adhuhuri iko Bamburi, na jioni kuna mjomba Changamwe ashakuchagulia chuo, kwa sababu jina lake alilisikia kwenye sinema. Mamako atapongezwa Marikiti kwa chuo ambacho wewe hujakikubali, na ukija kuchagua kingine watu watasema umeshushwa. Mwambie mama, mwambie baba, waombe wakusitiri wiki mbili tatu. Kisha keti na barua zako peke yako.

Maana hapo pana barua mbili, hata zikija pamoja. Moja yakwambia umekubaliwa. Nyingine yakwambia utaishi kwa pesa gani. Nyumbani watasoma ile ya kwanza na kupiga vigelegele. Wewe soma ya pili, kalamu mkononi, mstari kwa mstari.

Tuchukue mfano, tarakimu za posho na nyumba ni zangu za kufundishia, wewe tia zako. Chuo kimoja kina jina kubwa, kiko mji mkubwa, na kwa masomo ya uzamifu chakupa posho ya dola 28,000 kwa mwaka. Cha pili hujapata kukisikia, kiko mji mdogo, chakupa 24,000. Maskani kesi ishakwisha hapo. Sasa hesabu. Kenya haina mkataba wa ushuru na Marekani, kwa hivyo posho ya ufadhili ya mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hukatwa asilimia 14. (Ikiwa unalipwa kwa kufundisha au kusaidia utafiti, hiyo huhesabiwa kama mshahara na hukatwa kwa viwango vingine, uliza.) Dola 28,000 zimebaki 24,080. Chumba ni 1,100 kwa mwezi, yaani 13,200 kwa mwaka. Karo umesamehewa, lakini kuna zile ada ndogondogo ambazo msamaha hauzigusi, tuseme 1,600. Umebaki na 9,280, kama dola 773 kwa mwezi za chakula, basi, simu, viatu vya theluji na kila dharura. Kule mji mdogo, baada ya ushuru una 20,640. Chumba 550 kwa mwezi, ada 800. Wabaki na 13,240, zaidi ya dola 1,100 kwa mwezi. Yule aliyeonekana maskini ndiye atakayekula vizuri.

Na usiishie kwenye jumla. Posho ni ya miezi 12 au 9? Ikiwa ni 9, Juni hadi Agosti utaishi kwa nini? Imeahidiwa kwa miaka mingapi, kwa maandishi? Bima ya afya nani hulipa? Na swali ambalo hakuna anayeliuliza: malipo ya kwanza huingia tarehe gani? Mara nyingi huingia mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati mwenye nyumba ameshataka kodi na amana siku ya kukupa ufunguo. Mwandikie katibu wa idara, muulize yote haya. Haya si maswali ya mtu mwenye tamaa. Huyo katibu huulizwa kila mwaka na wanafunzi ambao baba zao ni maprofesa, na hao hawaoni haya.

Baada ya pesa, mtu. Uzamifu kule Marekani huchukua miaka 5 au 6, wakati mwingine zaidi, na muda wote huo uko chini ya mkono wa msimamizi mmoja. Omba kuzungumza na wanafunzi wake, yeye asiwemo. Usiwaulize kama ni mtu mwema, watakwambia ni mwema. Waulize waliotangulia walimaliza baada ya miaka mingapi na sasa wanafanya kazi wapi. Wangapi waliondoka njiani? Ukimpa rasimu, huirudisha baada ya wiki au baada ya muhula? Mtu akifiwa na mzazi, hupewa ruhusa ya kwenda nyumbani? Mwanafunzi akikujibu, "Tuzungumze, lakini nipigie kwa nambari yangu," mpigie siku hiyo hiyo. Na uulize pia msimamizi akihama wewe utabaki na nani, maana maprofesa huhama.

Wewe unayetaka kusoma mambo ya bahari au mikoko ya Tudor, na wewe wa historia ya Mji wa Kale, ulizeni zaidi: je, pesa za utafiti zaruhusu urudi huku kukusanya data, na kwa muda gani? Nimeona watu wakienda na swali la Pwani na kurudi na shahada kuhusu ziwa la huko, kwa sababu maabara haikuwa na nauli. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko hapa Mkomani, na kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Msimamizi ambaye hajawahi kuyasikia majina hayo si vibaya, ila awe tayari kuyajifunza.

Kuhusu jina la chuo, sitawadanganya kwamba halina thamani. Lina. Lakini mtazameni Ali Mazrui, yule profesa mashuhuri wa siasa, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa 1933. Matokeo yake ya sekondari hayakuwa ya kutangazwa, akawa karani pale MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ufadhili ulipopatikana alianzia Huddersfield, akaenda Manchester, ndipo Columbia na Oxford. Alifariki Marekani mwaka 2014 na akazikwa hapa, makaburi ya jamaa zake, mkabala na Fort Jesus. Angekataa Huddersfield kwa kuwa halina sauti barazani, sijui angekwenda wapi.

Sasa tarehe. Vyuo vingi vya Marekani vimetia sahihi makubaliano ya Council of Graduate Schools, muungano wa vyuo vyenye masomo ya uzamili na uzamifu: aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Chuo chako kikikubana ujibu Machi, tazama kama kimo kwenye orodha hiyo, kisha ukumbushe kwa adabu. Waweza pia kukiambia kwamba una nafasi nyingine yenye posho kubwa zaidi, na kuuliza kama wanaweza kuongeza. Sijaona chuo kilichomnyang'anya mtu nafasi kwa kuuliza vizuri. Kuahirisha hadi mwakani ni jambo jingine: mara nyingi nafasi huahirishwa, pesa haziahirishwi.

Barua za Uingereza husomwa kwa jicho lingine. Uzamili wao ni mwaka mmoja, na wengi wenu mwajilipia. Juu ya karo na viza kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na pesa za kujikimu ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Pesa za kuazima kwa mjomba usiku mmoja hazitafaa. Na tangu Januari 2024, anayekwenda kusoma uzamili wa darasani haruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Wewe mwenye mtoto mchanga, hilo lizungumzwe na mumeo na mamako kabla ya kulipa amana, si baada. Ujerumani vyuo vya umma vingi havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Lakini kabla ya viza, asiye na ufadhili hutakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, atolewe 992 kila mwezi. Ni pesa zako na utazila mwenyewe. Shida ni kuwa nazo zote siku moja. Viwango hivi hupanda, basi vitazame upya siku unayoomba.

Hapa nataka kusema na wazazi pia. Posho ya mwanafunzi si mshahara wa meli. Mwenye F-1 haruhusiwi vibarua vya nje apendavyo, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Akivunja sheria hiyo aweza kupoteza viza, na kila kitu. Kwa hivyo msimpigie kila mwezi na orodha. Na wewe kijana, usiondoke bila kuzungumza. Mketishe baba, mwambie: nitaweza kutuma kiasi hiki, nitaanza mwezi huu, na kabla ya hapo sina. Kiasi kiwe kidogo unachoweza kukishika mwaka mzima. Ukituma kingi mwezi wa kwanza kwa furaha, hicho ndicho kitakachosubiriwa daima, na ndugu yako mdogo atakuwa ameshahamishiwa shule ya bei hiyo.

Michango nayo. Kama chuo kinalipa karo, bima na posho, usiitishe harambee kama ya mtu anayejilipia. Watu wa Majengo na Kisauni hutoa hata wasichokuwa nacho. Itisha unachohitaji: ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, viza dola 185, tikiti, na pesa za mwezi na nusu wa kwanza. Iandike hesabu, isome mbele ya waliotoa. Atakayekuja nyuma yako ataomba kwa watu hao hao.

Makaratasi yaanze leo, na yaanze na majina. Hili huwakwamisha sana watoto wa huku. Cheti cha kuzaliwa chasema Mohamed, cha KCSE Mohammed, pasipoti Muhammad, na babu yumo kwenye kimoja na kingine hayumo. Fomu ya I-20, ile ambayo chuo cha Marekani hukupa ili uombe viza, ifuate pasipoti herufi kwa herufi, kwa hivyo kiandikie chuo kabla hakijaitoa. Vyeti vikihitilafiana, nenda kwa wakili uandikishe hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Likiwa ni jina la kubadilishwa kabisa, kuna utaratibu wake hadi kwenye Gazeti la Serikali, nao hauendi mbio. Usingoje Julai.

Ukiipata I-20, lipa SEVIS na ushike miadi ya mahojiano mara moja. Ubalozi wa Marekani uko Gigiri, na SGR yakushusha Syokimau, upande mwingine kabisa wa Nairobi. Nenda siku moja kabla, ulale kwa jamaa. Usitoke kwenye treni ya usiku ukaingia kwenye mahojiano na shati lililokunjamana. Tikiti ya ndege usilipe kabla ya viza. Na huwezi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, hata kama binamu yako kule ana harusi.

Afya. Vyuo vingi vya Marekani hutaka dozi 2 za chanjo ya MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela), na kadi yako ya kliniki ya utotoni huenda ina surua tu. Chanjwa huku na upewe karatasi yenye muhuri. Ng'oa au ziba jino linalokusumbua, pima macho na ununue miwani miwili, kwa sababu bima nyingi za wanafunzi huko hazigusi meno wala macho, na daktari wa meno atakula posho ya mwezi. Koti zito usinunue hapa. Chukua jaketi moja la mitumba Kongowea la kukufikisha. Lililobaki wenyeji watakuonyesha maduka yao ya mitumba, wanayo mengi.

Kuna na wale wanaoambiwa waoe kabla hawajaondoka, ili wazazi wasije wakaletewa wakwe wasiowajua. Hilo simo. Ila nimeona ndoa zilizofungwa wiki ya safari, na bibi harusi akabaki kwa mama mkwe miaka miwili akisubiri viza.

Ukishaamua, viandikie vyuo ulivyovikataa siku hiyo hiyo, sentensi tatu zatosha. Usivishikilie kwa ajili ya kuringa. Kuna mtu kwenye orodha ya akiba, pengine wa Malindi au wa Tanga, ambaye posho yake ndiyo hiyo unayoikalia. Kisha tuandikie na sisi tuliokupendekeza, utuambie umechagua wapi. Wengi wenu hunitafuta Novemba mkitaka barua iende kabla ya usiku wa manane, na majibu yakitoka nayasikia kwa watu msikitini.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu,
Mombasa