Mdogo wangu, ile video nilikutumia mimi

Mdogo wangu wa Mikindani,

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii, na mara zote tumeishia kwenye bei ya dagaa na magoti ya mama. Hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Naliandika hapa mbele za watu kwa sababu hata video yenyewe niliituma mbele za watu, kwenye kundi la ukoo, na najua wapo walioichukua wakaisambaza kwingine.

Yule daktari mwenye koti jeupe, aliyesema usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake) unaletwa na minyoo iliyojificha utumboni na kwamba matone ya chupa mbili yanaumaliza kwa siku 21, nilimleta mimi. Shilingi 80,000 nilituma mimi. Wewe ulimwamini kaka yako tu. Kwetu Wamakonde mtoto ana baba yake, lakini likija jambo zito watu huuliza mjomba kasemaje. Na mjomba alikuwa ameshasema.

Uliponipigia ilikuwa saa nne usiku. Maagizo yalitaka uchanganye matone ya chupa hii na ya ile, usubiri yageuke rangi ya manjano, ndipo umnyweshe. Ukaniuliza, "Kaka, hiki kitu kinanuka jiki. Nimpe hivyo hivyo?" Nikakaa kimya. Niliwaza pesa iliyokwishakwenda, nikawaza maneno ya yule daktari, na nusura niseme mpe. Pua yako ndiyo iliyomwokoa mtoto.

Usiku ule nilisoma mpaka adhana ya alfajiri. Chupa moja ni sodiamu kloraiti, nyingine ni asidi. Zikikutana hutoa klorini dioksaidi, kemikali ya kung'arishia karatasi viwandani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwaka 2010, ikarudia onyo hilo 2019: wanaoinywa hutapika, huharisha hadi shinikizo la damu linashuka kwa kukaukiwa maji, na ini linaweza kushindwa kazi. Wauzaji wanayajua hayo, ndiyo maana wanakuambia mapema kwamba mtoto akiharisha usiogope, dawa inafanya kazi. Huko Florida, Oktoba 2023, baba na wanawe watatu walihukumiwa kifungo kwa kuuza kitu hicho hicho kwa kivuli cha kanisa. Kwao watu wamefungwa. Kwetu kimekuja kimevaa koti jeupe na kusema Kiswahili.

Kisha nikamtafuta daktari mwenyewe. Baraza la Madaktari Tanganyika lina orodha ya waliosajiliwa, na jina lile halimo. Nilimkuta kwingine, uso ule ule, koti lile lile, jina jingine, anauza dawa ya tezi dume. Nikaifungua upya video, safari hii bila sauti, nikimwangalia mdomo tu. Kila alipofika kwenye "minyoo" midomo haikukutana. Jaribu mwenyewe sasa hivi: huwezi kulitamka neno hilo bila kufunga midomo. Mtu yule hayupo. Ametengenezwa kwa akili mnemba (AI), na mimi nilikuwa nimemwita "dokta" kwenye kundi la ukoo.

Naumia kwa sababu mimi ndiye mnayeniita msomi. Nilizoea kuutambua uwongo kwa makosa yake: herufi zimekosewa, sentensi zimevunjika. Siku hizi uwongo unaandikwa Kiswahili fasaha kuliko changu. Ukiuliza swali mtandaoni, juu kabisa unapewa jibu lililopikwa na mashine, bila jina la mwandishi wala tarehe, na kurasa za chini yake zimenakiliana neno kwa neno. Kuhusu usonji kwa Kiswahili ni shida zaidi, kwa kuwa yaliyoandikwa kwa uangalifu ni machache, na mwenye kuuza anakuta uwanja mtupu.

Jirani yako anayesema usonji unaletwa na ile sindano ya surua, usigombane naye, lakini na mdogo wake mtoto usimkatishe chanjo. Neno hilo lilianza na daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika mwaka 1998 juu ya watoto 12. Mwaka 2010 jarida lililomchapisha liliifuta makala hiyo, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa nchi yake. Wadenmaki wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatoa matokeo 2019: chanjo haikuonekana kuongeza usonji.

Na wale wanaokwambia ulimlea vibaya, au ulimwachia simu mno, wajue kwamba hata Ulaya na Marekani wataalamu waliwahi kuwatupia lawama akina mama, wakaja kuachana na fikra hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hakuna dawa ya kuuondoa. Kwa hiyo anayekuahidi kumponya kabisa, hapo hapo mwache, hata kama ni mimi niliyekutumia.

Nami nina langu. Nilipokuwa natafuta habari za mtoto, simu ilianza kuniletea video za ADHD, ile hali ya mtu kushindwa kutulia na kuweka akili mahali pamoja, na katika kila moja nilijiona: daftari nililosahau, bakora nilizokula kwa kuzubaa. Nililia. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Kanada walizichambua video 100 za TikTok za jambo hilo zilizopendwa sana, wakachapisha mwaka 2022 kwamba 52 zilikuwa zinapotosha. Sijajipa jina lolote. Nimeomba kuonana na daktari wa afya ya akili, na nitasubiri anichunguze.

Ninachokiamini kwa sasa ni kile nilichokiona kwa macho yangu, msimu wa korosho uliopita, barazani kwa mama. Mtoto alikaa pembeni ya mkeka akazipanga korosho kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa, tumbo zote zikielekea baharini. Alipogeuka nikaichomoa moja ya katikati nikaificha kiganjani. Aliporudi hakupiga kelele. Aliutazama mstari, akanitazama mkono, akaja akanifungua kidole kimoja kimoja, akaichukua na kuirudisha pale pale ilipokuwa. Yule daktari hajawahi kumwona mtoto huyu. Wewe unamwona kila siku. Nunua daftari uandike: kilichomtisha, kilichomtuliza, saa aliyolala, neno alilolitoa hata kama ni nusu. Tukienda hospitali ya mkoa tutakwenda nalo, na kama kuna mtaalamu wa matamshi wa kutuelekeza, ataanza na kitu kilichoandikwa na mama yake.

Na wewe je? Mama ameniambia huli, na kwamba unalia ukiwa unakoboa mpunga ukidhani hakuna anayekuona. Siku ya kumpeleka mtoto, wewe pia utaingia kwa daktari kwa ajili yako mwenyewe, nami nitakaa naye nje. Hilo sikuombi kama kaka. Hilo mjomba ameshasema.

Zile chupa mbili usizimwage na usizichanganye. Zifungie juu, mbali na watoto, nitazichukua. Kwenye kundi la ukoo nimeshaandika kwamba nilikosea.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi kutoka Lindi. Usinitumie bodaboda wa kunipokea, ule mlio unamfanya azibe masikio. Nitashukia barabarani, niambae ufukweni kwa miguu. Nitakuwa na ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kwenye mfuko, mirefu na mifupi, aipange kwanza kabla hatujala.

Kaka yako