Safari fupi ya Pwani ni hatari kwa mbwa wa bara

Mhariri,

Kila Desemba na kila Pasaka familia za Nairobi, Thika na Nakuru hushuka Pwani kwa siku tatu au nne, na siku hizi wengi wanakwenda na mbwa wao. Sisi tunaotibu wanyama tunaomba nafasi gazetini mwako, kwa sababu mengi yanayowaua mbwa katika safari hizi yanazuilika bila dawa yoyote.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba safari ikiwa fupi, hatari nayo ni ndogo. Kwa mbwa ni kinyume. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi. Mbwa aliyekulia huko akifikishwa Diani, mwili wake unahitaji siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, kuzoea joto na unyevu wa huko. Likizo ya siku tatu inakwisha kabla hajazoea, na ndizo siku hizo anazokimbizwa ufuoni tangu asubuhi hadi magharibi.

Mbwa hatoki jasho kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo. Kazi kubwa hufanywa na kuhema. Hewa hupita juu ya ulimi na ndani ya pua, umajimaji unakauka, joto linatoka nao. Hewa ikishajaa unyevu, umajimaji haukauki upesi, na mbwa anahema bila kupoa. Wanaoumia kwanza ni mbwa wa pua bapa kama pug, bulldog na boxer, kisha wanene, wazee na wenye manyoya mazito. Kwa maoni yetu mbwa wa pua bapa asishushwe Pwani kabisa kati ya Desemba na Machi. Aachwe nyumbani na mtu anayemzoea.

Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Ukiondoka saa kumi alfajiri, utapita Mtito Andei kabla jua halijawa kali. Mlishe mbwa jioni iliyotangulia, chakula kidogo, na asubuhi umpe maji tu; tumbo tupu halitapiki ovyo. Mbwa wa kilo 20 hunywa takriban lita moja na robo kwa siku katika hali ya kawaida, na katika joto anaweza kuhitaji maradufu, kwa hiyo weka dumu la lita tano ndani ya gari, si chini ya mizigo. Simama kila baada ya saa mbili, kivulini, kwa dakika kumi au kumi na tano. Kamba ifungwe kabla mlango haujafunguliwa. Mbwa wengi hupotea kwenye vituo vya mafuta kwa sababu mlango ulitangulia, na mbwa aliyetishwa na honi ya lori hageuki akiitwa. Namba ya simu iandikwe kwenye kola.

Usimbebe nyuma ya pikapu iliyo wazi. Bati likipigwa na jua linaunguza nyayo, na breki moja kali inatosha kumrusha nje.

Na msipange "kupitia Tsavo kidogo". Mbwa haruhusiwi katika mbuga za taifa, na mpango huo kwa kawaida huishia na mbwa kufungiwa ndani ya gari langoni. Hilo ndilo jambo tunaloliogopa kuliko yote. Nje kukiwa na nyuzijoto 30, ndani ya gari lililofungwa joto hufika karibu 40 kwa dakika kumi, na karibu 50 kwa nusu saa. Kuteremsha vioo kwa upana wa vidole viwili hakusaidii kitu cha maana. Kivuli nacho huhama wakati mnasubiri nyama Emali. Kama hakuna mtu wa kubaki naye nje, msisimame kula. Wanaokwenda Kwale wapite barabara ya Dongo Kundu badala ya kupanga foleni ya feri Likoni huku kiyoyozi kimezimwa ili kuokoa mafuta.

Joto la mwili wa mbwa mwenye afya ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likivuka 41 ni dharura ya dakika, si ya saa. Dalili huanza na kuhema kwa nguvu, ulimi mpana uliotoka nje, fizi nyekundu sana na mate mazito yanayonata. Kisha anayumba, anatapika, anaharisha, mara nyingine damu, halafu anazimia au kushikwa na degedege. Watu wengi huanza kwa kukimbiza gari kwenda kwa daktari, na mbwa anaendelea kuchemka njiani. Mpoze kwanza. Mtoe juani, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na kwenye kinena, na umpepee au umweke mbele ya kiyoyozi huku ukiendelea kumwagia. Barafu haihitajiki, maji mengi na upepo ndiyo yanayofanya kazi. Taulo lililolowa lisiachwe juu yake, kwani linapata moto na kuzuia hewa. Akitaka kunywa anywe, lakini usimmiminie maji kinywani kwa nguvu, yataingia mapafuni. Ukiwa na kipimajoto, kipakwe mafuta na kuingizwa njia ya haja kubwa; joto likifika 39.5 acha kumwagia, asije akapoa kupita kiasi. Kisha nenda kwa daktari hata kama amesimama na kutikisa mkia. Figo kushindwa na damu kukosa kuganda huweza kujitokeza siku moja hadi tatu baadaye. Na usimpe Panadol wala ibuprofen. Hazipunguzi joto la aina hii, na zote mbili ni sumu kwa mbwa.

Ufuoni, matembezi yawe kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Weka kiganja mchangani. Usipoweza kuvumilia kwa sekunde saba, naye hawezi. Mpe maji baridi ya kunywa kabla hajaona bahari, kwa sababu maji ya chumvi humtapisha na kumharisha. Samaki aliyetupwa na mawimbi asiguswe: bunju (samaki anayejivimbisha kama puto) mmoja aliyekauka ana sumu ya kutosha kuua mbwa mkubwa, na haina dawa ya kuizimua.

Kamba isitoke mkononi, na hapa hatusemi kama madaktari tu. Wenyeji wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kwao, palipogusa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee anayekwenda msikitini hastahili kurukiwa na mbwa wa mgeni.

Hoteli zinazotangaza kwamba mbwa wanakaribishwa zieleze pia atalala wapi. Banda la mabati nyuma ya jiko si mahali pa mbwa mwezi wa Januari.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kama ni ya kwanza, ichomwe mwezi mmoja kabla ya kuondoka, na dawa ya kupe ianze kabla ya safari. Mkirudi, mchunguzeni masikioni na kati ya vidole. Karibu na Shimba Hills na vichaka vya Tsavo kuna mbung'o, inzi wanaonyonya damu, na ugonjwa wanaoueneza huweza kuonekana wiki moja hadi tatu baadaye: homa, fizi nyeupe, kukonda, jicho kufunga ukungu. Daktari wa Nairobi hataufikiria haraka. Mwambieni mbwa alikuwa Kwale au Tsavo, na mwombeni apime damu kwa hadubini siku hiyo hiyo.

Madaktari wa mifugo,
Pwani