Malalamiko kuhusu mahali mlipofunga amplifaya na sabufa ndani ya gari langu

Mbagala,
Dar es Salaam.
24 Machi 2025

Kwa Meneja,
Duka la Muziki wa Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUNGWA VIBAYA KWA AMPLIFAYA NA SABUFA, NA MADHARA YALIYOFUATA

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyefika dukani Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2025 na Toyota IST ya kijivu. Nililipa shilingi 650,000: amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, 260,000, sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 na boksi lake 240,000, seti ya waya 90,000, na ufundi 60,000. Nakala ya risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, nimeiambatanisha pamoja na picha kumi na moja. Sabufa yenyewe sina ugomvi nayo. Ninacholalamikia ni mahali. Karibu kila kilichoharibika tangu siku ile kimeanzia pale fundi wenu alipojichagulia mahali pa kufunga, wakati mimi nilikuwa nimeshasema ninachotaka.

Mjue kwanza kwamba sikuja kutafuta kelele. Napiga gitaa la besi katika bendi ya dansi, huu ni mwaka wa 22, na ninapoendesha nataka kuisikia nota ya chini inaanza wapi na inaishia wapi. Mngurumo mmoja usio na kichwa wala miguu haunisaidii kitu. Nilieleza hayo pale kaunta. Nikaeleza pia kwamba gari hili nasafiri nalo kwenda Morogoro kila baada ya wiki mbili, kwamba kiti cha nyuma hukaa wanangu wawili na mara nyingine mama yangu mzazi, na kwamba buti ya IST ni ndogo, kwa hiyo naomba boksi likae upande mmoja ili tairi la akiba lipatikane. Kijana aliyekuwa anaandika risiti akaitikia, "Hilo dogo, mzee wangu." Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, drili ilikuwa imeshapita.

Amplifaya niliikuta chini ya kiti cha abiria wa mbele, imelala juu ya kapeti, skrubu nne zimezama sakafuni. Boksi nililikuta katikati ya buti, juu ya kile kifuniko cha tairi la akiba, limebanwa kwa vyuma vya pembe na skrubu sita. Nilipouliza kwa nini, fundi alinijibu kwamba hapo ndipo wanapofungia magari yote, na kwamba sabufa isipokaa katikati besi "inaegemea" upande mmoja. Ndugu Meneja, hilo la besi kuegemea naomba mlifute vichwani mwa mafundi wenu. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita saba, karibu mara mbili ya urefu wa IST nzima. Sikio la binadamu haliwezi kutambua sauti ya namna hiyo inatokea kona ipi ya buti. Ndiyo maana sabufa inaweza kusimama ubavuni, kushoto au kulia, na mtu wa mbele asipoteze chochote. Boksi lingekaa ubavuni nisingekuwa naandika nusu ya barua hii.

Tatizo la kwanza lilikuwa joto. Amplifaya mliyoniuzia ni ya daraja la AB. Aina hiyo ikifanya kazi ngumu hugeuza theluthi moja hadi nusu ya umeme inaokula kuwa joto, na ndiyo sababu mwili wake umetengenezwa kwa mapezi ya alumini yanayohitaji hewa. Chini ya kiti cha IST, kati ya mapezi yale na chuma cha kiti, pamebaki nafasi ya vidole viwili. Chini yake kuna kapeti, yaani blanketi. Siku ya nne tu, saa saba mchana, nikiwa kwenye foleni ya Kongowe, muziki ulikatika na taa ndogo nyekundu ikawaka. Niliingiza mkono chini ya kiti nikautoa haraka, ilikuwa kama nimegusa sufuria. Nilipowarudia mliniambia nipunguze sauti. Sauti ilikuwa ya mazungumzo ya kawaida. Mke wangu alikuwa ananisimulia habari za msiba na nilimsikia vizuri. Ikawa inazimika kila mchana wenye jua, na Februari ya Dar es Salaam haina mchana usio na jua.

Kisha yakaja maji. Kila anayeendesha gari dogo la Kijapani mjini hapa anajua kwamba mpira wa kutolea maji ya AC ukiziba taka, maji humwagika ndani, kwenye miguu ya abiria wa mbele, na huteremka taratibu kuelekea chini ya kiti. Hilo si kosa lenu, ni utunzaji wa gari na nakubali ni langu. Lakini fundi wa muziki wa magari katika mji wa pwani, ambako AC inatoa maji kutwa nzima, hawezi kusema hakujua kwamba sakafu ya upande ule hulowa. Asubuhi ya tarehe 27 Februari nilikanyaga kapeti ikatoa maji kama dodoki. Amplifaya ilikuwa imekaa ndani ya kidimbwi. Tangu siku hiyo haijawaka tena. Ingeinuliwa juu ya kipande cha plaiwudi, au ingefungwa ubavuni mwa buti ikiwa imesimama wima ili joto lipande na kutoka, ingekuwa hai hadi leo.

Bado sikuwaandikia. Nilisema nitapita mwezi wa Ramadhani, mambo yakitulia, tuzungumze kiungwana. Kilichonifanya nishike kalamu ni Ijumaa ya tarehe 14 Machi.

Tulitoka Dar baada ya swala ya Ijumaa, mimi, mke wangu, watoto na mama, ili tukafuturu Morogoro kwa wakwe. Ndivyo tulivyopanga. Tumeshaipita Chalinze, karibu na Ubena, tairi la nyuma la kushoto likapasuka. Kubadilisha tairi la IST ni kazi ya dakika kumi na tano, nimeifanya mara nyingi. Nikafungua buti, na hapo ndipo nilipoelewa vizuri mlichonifanyia. Tairi la akiba lilikuwa chini ya boksi. Jeki ilikuwa chini ya boksi. Spana ya magurudumu ilikuwa chini ya boksi. Na boksi limeshikwa na skrubu sita za nyota, nami sikuwa na bisibisi. Nilijaribu kwa ncha ya kisu cha matunda, kikakatika. Jua likazama, manyunyu yakaanza. Tulifungua saumu kwa maji ya chupa na tende tatu alizokuwa nazo mama kwenye mkoba, tumesimama kwenye nyasi, malori yanapita yanatuyumbisha kwa upepo wake. Mama yangu ana miaka 71.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la saruji aliyesimamisha gari bila kupungiwa mkono. Alikuwa na bisibisi. Skrubu ya tano ilikuwa imelika kichwa, ikabidi tuing'oe kwa koleo huku mwanangu mkubwa akitumulikia kwa simu. Ilituchukua dakika 40 kulitoa boksi lile, kisha ikabidi mama abadilishe kiti, boksi likapakiwa alipokuwa amekaa, maana nyuma halikurudi. Nimelipima baadaye kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 21.

Sisemi boksi liachwe bila kufungwa. Kilo 21 zikiachwa huru, siku ya breki ya ghafla zitakuja mbele na kuwapiga waliokaa kiti cha nyuma. Lifungwe, tena lifungwe imara. Lakini kuna nati za kufungua kwa vidole, kuna mikanda yenye kufuli za chuma, zote zinauzwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwenu. Anayefunga boksi juu ya tairi la akiba kwa skrubu ameamua kwamba mwenye gari hatapata pancha.

Jumatatu ya tarehe 17 nikalipeleka gari kwa fundi umeme wa mtaani kwetu, tukang'oa kiti na kuinua kapeti. Haya mengine sikuyajua kabla, na ndiyo yaliyonitisha zaidi kuliko usiku wa Ubena.

Gari lilipopandishwa juu, tuliziona skrubu nne za amplifaya zimetokeza chini ya sakafu kama miba. Moja imepita upana wa kidole kutoka kwenye bomba la mafuta. Naomba muiangalie picha namba 6; nimeweka kidole changu pale makusudi ili muone. Hakuna aliyelala chini ya gari kutazama kabla ya kutoboa, kwa sababu angetazama asingetoboa hapo. Kuzunguka matundu rangi imeshaanza kuvimba kwa kutu.

Waya mkubwa wa umeme unatoka kwenye betri, unapita tundu la chuma lililotobolewa kuingia ndani, bila mpira wa kuukinga, hadi chini ya kiti. Fyuzi mliiweka huko mwisho, kando ya amplifaya. Fyuzi ile kazi yake ni kuulinda waya, na ndiyo maana inatakiwa kukaa karibu na betri, isizidi kama sentimita 45 kutoka kwenye nguzo ya betri. Ikikaa mwisho wa safari, waya wote ulio katikati hauna mlinzi. Ukichubuka na kugusa bodi, betri itamwaga nguvu yake yote hapo na waya utawaka kabla fyuzi haijajua kuna nini. Na wa kwangu ulikuwa umeshaanza kuchubuka. Fundi aliuvuta taratibu kwenye lile tundu, tukaona ganda jekundu limelika kwa urefu wa punje ya mchele na ndani panameta.

Pale panapometa ndipo tulipogundua lingine. Risiti yenu imeandikwa "waya wa shaba tupu namba 4", na namba hiyo ni kipimo cha unene. Fundi alichukua wembe akakwangua uzi mmoja. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, na ilipovuliwa ganda lake nene unene wake haukufika hata nusu ya namba 4. Mmeniuzia ganda.

Waya wa eathi nao ulikuwa umebanwa chini ya boliti ya kiti, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Palitakiwa pakwanguliwe hadi chuma kiwe cheupe. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nasikia mlio mwembamba kwenye spika unaopanda na kushuka na mguu wangu wa mafuta. Mliniambia ni redio ya zamani. Fundi wa mtaani alisema chanzo kinaweza kuwa eathi ile, pamoja na waya wa umeme na waya za sauti kulazwa kwenye njia moja kama mapacha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 150,000 za ufundi na waya, kwa kuwa kazi haikufanyika na waya sio mliouandika. Mnipe amplifaya nyingine ya thamani ileile au 260,000 zangu, maana iliyopo imekufa kwa joto na maji ya mahali mlipoiweka. Mzibe matundu ya sakafu kwa kuchomelea, mpake dawa ya kutu, na bomba la mafuta likaguliwe nikiwapo. Boksi litafungwa upya ubavuni mwa buti, amplifaya kwenye ubao wake mbali na boksi ili mtikisiko usiilegeze, na kabla ya drili kuwashwa fundi anionyeshe kwa chaki atakapotoboa. Kama hamuwezi kuifanya kazi hiyo, chukueni vitu vyenu mnirudishie 650,000 yote pamoja na gharama ya kuziba matundu.

Nawapa siku 14 tangu mpokeapo barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka nakala hii na picha zote kwa Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake. Nisingependa kufika huko. Duka lenu nililetwa na wenzangu wa bendi, na wengine wawili wamefungiwa magari yao hapo kwenu mwaka jana. Juzi nimewaomba wote wawili wakatazame fyuzi zao zimekaa wapi. Zote ziko chini ya kiti. Hao nao naomba muwaite, msingoje waandike.

Gari lipo nyumbani, kiti cha mbele bado hakijarudishwa ili muone kwa macho yenu. Mnaweza kuja siku yoyote kuanzia saa kumi alasiri. Njooni na fundi yuleyule aliyelifunga.

Wenu mteja,
Mwenye Toyota IST ya kijivu, risiti ya tarehe 1 Februari 2025.