Malalamiko: Maktaba yenu ya Python inakata nauli mara mbili

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Malipo ya Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: ABIRIA KUKATWA NAULI MARA MBILI KWA TIKETI MOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni kampuni ya mabasi. Tunauza tiketi mtandaoni, na malipo yote ya simu yanapitia kwenu. Desemba hii, watu wa Moshi walipoanza kugombania viti, seva zenu zilielemewa na baadhi ya abiria wetu wakakatwa nauli mara mbili. Tulipowaandikia mkajibu kwamba ni "tatizo la mtandao wa mteja". Jibu hilo hatulikubali.

Maktaba yenu, yaani msimbo wa Python unaounganisha mfumo wetu na wenu, ikituma ombi la malipo husubiri sekunde tano. Isipopata jibu inalituma tena ombi lile lile, kimyakimya, sisi hatuna habari. Kukosa jibu si kukosa malipo! Ombi la kwanza lilishafika, hela mkakata, ila jibu ndilo lililochelewa njiani. La pili lilipofika mkalipokea kama muamala mpya. Abiria mmoja alituonyesha meseji zake pale Stendi ya Magufuli: mbili, kiasi kile kile, zimepishana sekunde chache, kila moja na namba yake ya muamala. Kiti ni kimoja.

Hili si jambo geni. RFC 9110, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2022 unaoeleza kanuni za HTTP (lugha ya mawasiliano ya wavuti), unaelekeza kwamba ombi la POST (la kutuma data kwa seva) lisirudiwe na programu yenyewe isipokuwa kuna njia ya kujua kuwa kulirudia ni salama. Njia yenyewe inajulikana: kila malipo yapewe namba ya pekee ambayo haibadiliki hata ombi likirudiwa, nanyi mkiiona tena mrudishe jibu lile la kwanza bila kukata. Stripe, kampuni ya kimataifa ya malipo ya mtandaoni, wanayo. Ninyi kwenye nyaraka zenu sijaiona popote.

Nilipofungua msimbo wa maktaba nilikuta makubwa zaidi. Ndani ya fanksheni ya async, ambayo inaposubiri hutakiwa kuziachia kazi nyingine nafasi, kati ya jaribio moja na jingine mmeweka time.sleep(1), amri ya kusimama sekunde moja. Seva yetu inaendeshwa na lupu moja ya asyncio, inayohudumia maombi yote kwa zamu; mstari huo unaisimamisha yote, kama karani wa dirisha pekee la tiketi aliyesinzia huku foleni imejaa. Maombi thelathini yakikwama kwa pamoja, ni nusu dakika seva imeganda, hata kwa mtu aliyetaka tu kuangalia ratiba. Mngeandika await asyncio.sleep, wengine wangeendelea kuhudumiwa. Tena sekunde hiyo moja haiongezeki wala haichanganywi na muda wa kubahatisha, kwa hiyo wateja wenu wote waliokwama pamoja wanarudi kuwagongea pamoja. Seva yenu yenyewe hujibu 429 (maombi yamezidi) na kutaja muda wa kusubiri kwenye Retry-After. Maktaba yenu haiusomi. Sijui nani kati yenu anamsikiliza mwenzake.

Chini yake kuna except: tupu, amri inayonasa kila kosa bila kubagua. Tangu Python 3.8, CancelledError (ishara ya kusitisha kazi) iliondolewa chini ya Exception (kundi la makosa ya kawaida) makusudi ili isinaswe ovyo, lakini except ya namna hiyo inainasa vilevile. Maana yake, mfumo wetu ukiamua kusitisha malipo kwa sababu muda umepita, maktaba inaimeza amri hiyo na kutuma ombi jingine.

Kwa sasa maktaba hiyo tumeiondoa. Tunaita API yenu (njia ya programu kuzungumza na seva zenu) moja kwa moja, na jibu likichelewa tunauliza kwanza hali ya muamala kabla ya kutuma chochote.

Tunaomba fedha zilizokatwa kimakosa zirudi kwenye simu za abiria ndani ya siku saba, bila kumtaka kila mmoja ajaze fomu, maana kumbukumbu za miamala mnazo ninyi. Tunaomba pia toleo jipya lisilorudia malipo bila namba ya pekee. Kimya kikiendelea, tutalipeleka suala hili Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo msimamizi wenu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Orodha ya miamala husika imeambatanishwa.

Wenu,

Msimamizi wa Mifumo,
kwa niaba ya Kampuni ya Mabasi.