Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Mtazamaji Mwenye Bando Dogo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka 2024 ya chama chetu cha wapiga video na warushaji wa matangazo mubashara. Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za ada na wanachama wapya zimo katika taarifa ya katibu. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe.

Huwezi kuuzungumzia mwaka huu ukaiacha Jumapili ya tarehe 12 Mei. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Miezi michache kabla, nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu nazo zilikuwa zimekatika, kwa hiyo njia za kukimbilia zilikuwa chache. Waliokuwa ibadani na kwenye kumbi za harusi waliona picha inaganda, inarudi kidogo, kisha inapotea kabisa. Nawapongeza waliokuwa wanarekodi kwenye kadi huku wanarusha, maana mtandao uliporejea walipandisha kazi nzima na mteja akaridhika. Kuanzia sasa naomba hilo liwe sharti la kazi kwa kila mmoja wetu. Usimwahidi mteja mubashara bila rekodi kamili pembeni.

Kazi zetu zimeendelea kuwa zilezile: harusi, ibada, mahafali, semina, mechi za mchangani. Zinazostahili kuzungumzwa kwa kirefu ni za misiba. Familia nyingi sasa zina mtu Muscat, mwingine London, mwingine Marekani, na maziko hayawasubiri, hasa kwa Waislamu. Maziko ya saa kumi jioni Dar es Salaam ni saa kumi na moja Muscat, na huko New York wakati wa majira ya joto ni saa tatu asubuhi, mtu yuko kazini na simu ameificha chini ya meza. Huyo anataka kusikia wasifu wa marehemu unasomwa, asikie jina lake likitajwa kati ya watoto au wajukuu, aone nani anatia udongo. Droni ikizunguka juu ya makaburi haimsaidii kitu. Kinachomsaidia ni maikrofoni moja ndogo kwenye kola ya msomaji, yenye sponji ya kuzuia upepo, na kamera iliyotulia kwenye tripodi. Msibani tuvae kwa heshima, tumuulize msemaji wa familia nini kisionyeshwe, na uso wa marehemu usirushwe bila ruhusa yao.

Sasa tumfikirie shangazi wa marehemu aliye kijijini. Naye anatazama, kwa bando la kununua la siku. Video ya mubashara haisafiri kama faili moja. Enkoda yetu, yaani kifaa au programu ya kubana video, inaibana, seva inaikata vipande vya sekunde chache, kila kipande kinaandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na simu ya mtazamaji inachukua kile inachokimudu kwa wakati huo. Ndivyo inavyofanya kazi HLS, mfumo ambao Apple waliutoa 2009 na ambao bado umeenea kuliko mingine. Tukirusha kwa megabiti 5 kwa sekunde, saa moja ya kutazama inakula gigabaiti 2 na robo. Kwa megabiti 1, ni megabaiti 450. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 haifiki megabaiti 30. YouTube inamtengenezea mtazamaji viwango hivyo yenyewe, lakini wanaotumia seva zao lazima waviweke wenyewe, na wapo wanaoweka kiwango kimoja tu cha juu ili picha iwe kali. Kwa msimamo wangu, hiyo ni kumfungia shangazi mlango. Kiwango cha chini kabisa na cha sauti pekee viwepo kila mara, tena kiungo chake kitumwe WhatsApp mapema.

Kuhusu haki na sheria nitasema kwa ufupi. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Bara wanazo Azam Media. Kuelekeza simu kwenye runinga na kuirusha mechi ni wizi, na anayefanya hivyo hana nafasi katika chama hiki. Muziki wa harusini unatambuliwa na mitambo ya YouTube na unaweza kusimamisha matangazo bwana harusi akiwa anaingia ukumbini. Zungumzeni na MC na DJ mapema. Na Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 zisomwe na kila mwenye chaneli, ili ajue kama kazi yake inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kwa siku zijazo, mengi yananitia moyo. Kodeki ya AV1, yaani njia ya kubana video, iliyotolewa 2018, inabana picha zaidi kuliko H.264 tunayoitumia na ilibuniwa itumike bila malipo ya leseni. Simu za bei nafuu zikianza kuifungua bila kumaliza betri, bando lilelile litatazama muda mrefu zaidi. 5G ilianza kibiashara nchini 2022, ila kwa kiasi kikubwa ni ya mijini. Rwanda na Kenya walipata Starlink 2023, na wenzetu wa huko sasa wanaweza kurusha kutoka sehemu zisizo na mnara. Lakini kuna jambo lisilosubiri teknolojia yoyote, nalo ni kumweka mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania kwenye kona ya picha. Programu ya OBS ya kuchanganya picha na kurusha, ambayo ni ya bure, inaliweza leo. Kiziwi amezikwa mama yake, na sisi tumemwonyesha midomo inayocheza tu. Hili linaniuma.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza, chama kinunue kifaa kimoja cha kuunganisha laini za mitandao tofauti kwa pamoja, pamoja na betri yake, kikodishwe kwa wanachama kwa bei ya kukitunza tu. La pili, kila mwanachama anayechukua kazi ya msiba au ibada amuulize mteja kuhusu mkalimani kabla ya kukubaliana bei, na gharama yake iandikwe kwenye makadirio kama zinavyoandikwa kamera na usafiri. Karatasi za kura anazo katibu.