Usimfunge mtoto mkono

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Mamba. Sisi tu wazima, kahawa tumemaliza kuchuma na sasa tuko kwenye kupogoa. Barua yako niliipokea Ijumaa jioni, nikaisoma nimesimama jikoni, na usiku nikaisoma tena. Pole sana kwa binti yako, mwanangu, kujikata goti kwa mundu akifanya kazi kwa mkono wake wa kushoto. Kidonda cha goti kitapona, namshukuru Mungu mundu haukufika kwenye mshipa.

Ila kilichoninyima usingizi ni yale maneno ya mwisho, kwamba bibi yake anataka afungwe kitambaa mkono wa kushoto mpaka azoee kulia. Somo, nakusihi, usikubali. Mimi nilifungwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukinifungulia lile fundo tukifika mtoni, halafu unanifunga tena kabla hatujafika nyumbani. Sijawahi kukushukuru vya kutosha kwa lile. Mama hakuwa na ubaya, aliogopa nisije nikachekwa ukweni. Lakini miaka miwili ile sikujifunza mkono wa kulia, nilijifunza kuogopa kazi.

Sasa fanya hivi. Chukua ule mundu uliomkata, simama nao mlangoni penye mwanga, utazame makali yake kwa ubavu. Upande mmoja umelala kama kitako cha sahani. Upande wa pili una mteremko mwembamba unaong'aa, pale tupa ilipopita. Mwenye kutumia kulia akiushika, upande uliolala unakaa chini, mundu unapita karibu na ardhi na kukata majani shinani. Uhamishie kushoto uone: mteremko umegeukia chini. Makali yanainuka, yanaruka juu ya majani badala ya kuyauma. Mtoto anadhani hana nguvu, anaongeza nguvu, mundu unateleza, na goti liko palepale. Hakuwa mzembe, somo. Alipewa chombo kilichonolewa kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine.

Kama mundu wenu ni wa makali laini, unanoleka upya. Fundi aondoe ule mteremko wa zamani kwa tupa, aulaze kabisa, kisha auweke upande wa pili. Ni kazi ya asubuhi moja. Ule wa meno usihangaike nao, kwa sababu meno yake yamechongwa upande mmoja tangu kiwandani, na ukiyasaga umeua mundu. Panga nalo litazameni. Likitoka dukani huwa halina shida, ila kwa kuwa kila mtu nyumbani hulinoa upande ule ule anaouona, baada ya mwaka linakuwa la mkono mmoja. Mpeni binti panga lake, analinoa mwenyewe, na mtu mwingine asiliguse.

Fyekeo ndilo chombo chenye huruma, limenolewa pande zote mbili, linakwenda na kurudi. Hatari yake iko kwenye safu. Unakumbuka shuleni tulivyokuwa tukifyeka uwanja, mwalimu wa zamu akinitoa kila mara kwa kuwa fyekeo langu lilikuwa linagongana na la jirani? Nilikaa pembeni nikiokota takataka na wenzangu wakidhani nimeadhibiwa. Nilikuja kulifikiria ukubwani nikaona dawa yake ilivyo nyepesi. Wenzake wote wanapigia upande wao wa kulia, yeye anapigia kushoto, kwa hiyo anakutana na jirani wa kushoto kwenye nafasi moja. Akiwekwa mwisho kabisa wa safu, upande wa kushoto, hakuna anayekutana naye. Nenda kamwambie mwalimu wake, kwa upole, atakuelewa. Inasemekana katika kila watu kumi kuna mashoto mmoja, kwa hiyo kwenye darasa lile hayuko peke yake.

Mimi kilichonitesa zaidi ni mkasi wa kupogolea. Mkasi wa kawaida, ukiushika kwa kushoto, jino la kukata linajificha nyuma ya lile la kushikilia, huoni unapokata. Ndiyo maana mikahawa yangu ilikuwa na visiki virefu kila tawi, maji yanatuama, panaoza, na baba mkwe anapita anatikisa kichwa bila kusema neno. Kitasa chake pia kimewekwa pale dole gumba la kulia linapofika. Kwa kushoto ilibidi nifungue kwa mkono wa pili kila mara, huku nimening'inia kwenye ngazi. Mwaka juzi mtoto wa dada aliniletea mkasi wa Felco namba 9. Hao Felco ni Waswisi, wanatengeneza mikasi ya mashoto kabisa, hiyo namba 9 na namba 10 yenye mpini unaozunguka. Somo, tawi la kwanza nililokata nililiinamia nikaligusa kwa kidole. Lilikuwa limekatika karibu kabisa na shina, laini, mahali pale pale nilipopataka. Nimelima miaka ishirini kabla ya kuiona kazi ya mkono wangu.

Jambo moja usilegeze hata kidogo. Baba yake ana msumeno wa mnyororo, na siku moja binti atataka kuushika. Ule haugeuzwi. Mkono wa kulia nyuma kwenye kifyatulio cha mafuta, wa kushoto mbele, dole gumba limezunguka mpini, hata kwa mashoto. Ukibadilisha mikono, mwili unakaa kwenye njia ya mnyororo, na msumeno ukiruka unakurudia usoni. Mashine ya kufyekea majani nayo inakaa ubavu wa kulia, kwa sababu moshi na bomba la moto vimeelekezwa nje upande huo. Hapo ajifunze kulia, na aelezwe kwa nini, asiambiwe tu kwamba kushoto ni vibaya.

Na bibi mwambieni hivi: chakula atakula kwa kulia, salamu atatoa kwa kulia, kitu cha mkubwa atapokea kwa mikono miwili. Mimi nafanya hivyo mpaka leo na hakuna aliyewahi kuninung'unikia. Mkono wa kulia umepewa jina kwa kazi ya kula, na kazi hiyo hatuunyang'anyi. Shambani aachiwe wa kwake.

Nimeshaongea na mhunzi wetu hapa. Amewahi kunifulia mundu wa kushoto, na wa binti yetu atautengeneza mwepesi zaidi. Nipimie kwa uzi kutoka kiwiko chake mpaka kwenye ngumi, ukunje huo uzi ndani ya barua utakayonijibu. Umpime mkono wa kushoto.

Wasalimie wote, na bibi umpe shikamoo yangu.

Mimi somo wako