Shangazi, uliniuliza nani alituanzishia kulima

Shangazi, shikamoo.

Natumaini mtama umeshaingia kihengeni na kweleakwelea walikuachia cha kuvuna. Barua hii naiweka hapa hadharani kwa sababu najua wapo shangazi wengine wenye swali kama lako. Mjukuu wako atakusomea, na nimemwomba asiruke hata mstari mmoja.

Mwezi wa nne, tukiwa juu ya dungu tunaamia ndege, uliniuliza: "Hivi nani alituanzishia haya mambo ya kulima?" Sikukujibu. Kundi la ndege lilishuka, tukaanza kupiga makelele na kurusha kombeo. Jioni ulipokuwa unateremka ulisimama katikati ya ngazi, mkono umeshika goti, ukasema hilo ni goti la jiwe la kusagia, ulilipata ukiwa msichana, kabla mashine haijafika kijijini. Swali lako na goti lako havijanitoka kichwani tangu siku ile.

Kulikuwa na kijiji cha kale kiitwacho Abu Hureyra, kaskazini mwa Syria, kando ya mto Frati. Wataalamu wa mambo ya kale walikichimba mbiombio mwaka 1972 na 1973, maana bwawa lilikuwa linajengwa, na sasa mahali pale pako chini ya maji. Watu wa kwanza walifika hapo miaka kama 13,000 iliyopita, wakachimba vibanda vyao nusu ndani ya ardhi, wakakaa. Nilichoshangaa ni kwamba hawakuwa wakilima. Waliwinda swala waliopita kwa makundi, na walichuma mbegu na matunda ya mimea ya aina zaidi ya 150. Shuleni nilielewa kwamba mtu alilima kwanza, kisha shamba likamfunga mahali pamoja. Pale walitulia kwanza, kwa sababu pori liliwashibisha.

Kisha hali ya hewa ikageuka. Kuanzia miaka kama 12,900 iliyopita baridi ilirudi kwa zaidi ya miaka 1,000, na nchi ile ikakauka. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba hapo ndipo watu walipoanza kupanda kwa mikono yao vile ambavyo pori lilikuwa limeacha kuwapa. Vyovyote ilivyokuwa, kidogo kidogo ngano, shayiri na dengu zikatoka porini zikaingia shambani, na kijiji kikaja kuwa kikubwa, nyumba za matofali ya udongo zimebanana.

Mtaalamu wa mifupa, Theya Molleson, aliichunguza mifupa ya watu waliozikwa katika kijiji hicho. Alikuta vidole gumba vya miguu vimeharibika kwenye maungio, magoti yana alama, na mgongo umeumia sehemu ya chini. Mingi iliyoumia namna hiyo ilikuwa ya wanawake. Maelezo yake ni kwamba walipiga magoti mbele ya jiwe, vidole vya miguu vimekunjwa chini yao, wakasukuma jiwe la juu kwenda na kurudi, saa nyingi, kila siku ya maisha yao. Nilipofika hapo niliacha kusoma. Nilikuona wewe, kwenye ngazi ya dungu.

Sasa mtama wako, maana ngano si ya kwetu. Mtama ulitoka porini ukaingia shambani hapa hapa Afrika. Ushahidi wa zamani zaidi unaojulikana umetoka mashariki mwa Sudan, upande wa Kassala, na umetoka kwenye vigae. Wafinyanzi wa huko walichanganya makapi na udongo ili chungu kisipasuke. Makapi yakaungua, alama zake zikabaki ndani ya kigae, na zaidi ya miaka 5,000 baadaye watu wamezisoma alama hizo. Walikuta mtama wa aina mbili umechanganyika, wa porini na ulioanza kuwa wa shambani.

Tofauti yake wewe unaijua kuliko profesa yeyote. Mtama mwitu ukikomaa unapukutika, punje zinaanguka zenyewe, ndivyo unavyojipanda. Lakini katika kila shamba huwapo masuke machache yaliyozaliwa na kasoro: yamekomaa na bado yameshikilia punje. Porini kasoro hiyo ni kifo, maana mbegu haifiki ardhini. Ila akija mama na kisu akakata masuke, anachofika nacho nyumbani ni hayo yaliyoshikilia, kwa sababu punje za wenzake zimebaki chini. Msimu unaofuata anapanda kutoka katika hayo. Mwanawe naye hivyo hivyo, na mjukuu. Kwa ngano na shayiri za kule Frati na nchi jirani, kazi hiyo ilichukua miaka 2,000 hivi mpaka zile za kupukutika zikapotea mashambani. Hakuna aliyeishi kuona mwanzo na mwisho wake.

Kwa hiyo shangazi, hayupo mtu mmoja aliyetuanzishia. Ninaposoma habari hizi nawaona watu wakifanya kile unachofanya wewe kabla ya mavuno: unapita shambani peke yako, unatazama, unafunga kitambaa kwenye suke hili, unaliacha lile, kisha yale ya kitambaa unayatundika juu ya moto yapate moshi, dumuzi wasiyaguse.

Kwetu huku mifugo ilitangulia mazao. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika upande wa Ziwa Turkana miaka kama 5,000 iliyopita, wakashuka kusini polepole. Mazao yalikuja baadaye, tena si kwa mkupuo. Pango la Kakapel, kule Busia nchini Kenya, lilikuwa na kunde za miaka 2,300 iliyopita, na mtama wa miaka kama 1,000. Mahindi ndiyo mgeni kabisa, yametoka Amerika juzi tu.

Utaniuliza, kama magoti yaliuma hivyo, kwa nini hawakurudi porini? Nadhani jibu ni uji. Mama anayehamahama hawezi kubeba watoto wawili mgongoni, na mtoto asiye na chakula laini hunyonya muda mrefu. Ukikaa mahali pamoja na ukawa na nafaka ya uji, mtoto anaachishwa ziwa mapema, na mwingine anakuja. Vijiji vikajaa. Chakula kilikuwa cha aina chache kuliko zamani, meno yakaoza zaidi, magonjwa ya msongamano yakaingia, lakini midomo ilikuwa imeshaongezeka kuliko pori linavyoweza kulisha. Nyuma pakawa haparudiki.

Ndiyo maana sikupenda maneno ya binamu siku ile, kwamba Wahadzabe wanaokuja kubadilishana nawe asali kwa unga ni watu waliochelewa. Hawakuchelewa popote. Wameishi miaka ile ile tuliyoishi sisi, wakila mizizi, mabuyu, nyama na asali, na wakulima na wafugaji wakiwa jirani zao kwa muda mrefu. Walituona tukilima. Miaka ya 1960 serikali iliwakusanya wakae vijijini, maradhi yakawapiga, na wengi wakarudi porini. Ukikutana tena na yule mzee wa asali, naomba umsalimie kwa niaba yangu.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Binamu ameniambia msimu ujao mnakusudia kupanda mahindi ya kununua shamba zima, kwamba umechoka kuamia ndege. Sikulaumu, shangazi. Mwezi mzima juu ya dungu na goti hilo, mimi siwezi kukuambia uendelee. Lakini mbegu yako ya mtama hakuna duka linaloiuza. Uliipata kwa mama yako, naye kwa wake, na nikihesabu kurudi nyuma hivyo sijui pa kuishia.

Kama masuke ya kitambaa bado yananing'inia juu ya moto, usiyapure. Nitakuja mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Nitengee kipande cha shamba upande wa mbuyu, hatua ishirini kwa ishirini zinatosha. Nitalima mwenyewe, na mwezi wa nne nitachukua likizo nikae kwenye dungu mimi. Wewe ukae chini kivulini, unionyeshe ni suke lipi la kufunga kitambaa.